Mtoto wa siku kumi na mbili ananyamaza nikimwimbia: anasikia nini hasa?

MamaAlto, Nakuru

Wazazi wenzangu, hamjambo. Nimejaliwa mtoto wa kiume, leo ana siku kumi na mbili, naye ni kifungua mimba, kwa hiyo mtaniwia radhi nikiuliza jambo ambalo wenye watoto wakubwa hawalishangai tena.

Mimi ni mwimbaji wa alto katika kwaya ya kanisa letu. Nilipokuwa mjamzito nilihudhuria mazoezi mara mbili kwa wiki hadi mwezi wa nane ulipokwisha, na kulikuwa na wimbo mmoja mgumu wa mashindano tuliourudia mpaka majirani wa kanisa wakaujua. Sasa mtoto anapolia jioni, kuanzia saa moja hivi, nikiuanzisha wimbo huo anakikata kilio katikati, kama mtu aliyesikia jina lake likitajwa chumba cha pili. Hatabasamu wala hanigeukii. Anatulia tu, macho wazi, mkono mmoja ukiwa umebaki hewani, na pumzi zake zinakuwa ndefu. Nikimwimbia wimbo mwingine, mara hutulia, mara huendelea kulia kana kwamba sipo.

Mama mkwe, aliyekuja kutoka Molo kunisaidia kulea, anasema mtoto anaujua wimbo wake. Mume wangu, ambaye ni fundi wa umeme na hapendi mambo yasiyopimika, anasema ni gesi ya tumboni tu iliyotoka wakati uleule nilipofungua mdomo.

Jambo la pili linanitatiza zaidi. Juzi tulikuwa na wageni, redio ilikuwa inazungumza, nami nikamwimbia kwa muda mrefu ili alale. Alianza kupiga miayo, akashikwa na kwikwi, akageuza uso upande wa ukuta, na mwishowe akalia kuliko mwanzo. Je, alikuwa amechoshwa na sauti yangu? Dada yangu amenishauri niurekodi wimbo kwenye simu, niiweke kando ya kichwa chake, nami nipate kulala. Nifanye hivyo?

SistaWaNasari, Kisumu

Hongera, mama, kwa kujifungua salama. Nimewahudumia watoto wachanga hapa Kisumu kwa miaka kadhaa, wengi wao wakiwa wamezaliwa kabla ya miezi kutimia, na swali lako huulizwa wodini kwa sauti ya chini, kana kwamba ni aibu kuuliza.

Mama mkwe wako ana haki ya kusema anachosema. Sikio la mtoto huanza kufanya kazi akiwa bado tumboni, kuanzia wiki ya 25 hivi, na katika wiki za mwisho husikia vizuri. Lakini anachosikia humo si kile tunachosikia sisi. Maji na nyama za mwili huzima sauti nyembamba kuliko zilizo nzito, kwa hiyo maneno humfikia yakiwa yamepoteza makali yake, kama mazungumzo ya watu walio nyuma ya ukuta wa udongo, ilhali mahadhi na mapigo ya wimbo hupenya. Sauti ya mama yake ina njia ya ziada, kwa kuwa hupita pia katika mifupa na nyama za mama mwenyewe. Ndiyo kusema, mwanao hakujifunza maneno ya wimbo wenu wa mashindano. Alijifunza jinsi unavyopanda na kushuka, tena kwa upande wa alto, jambo ambalo wenzako wa soprano huenda wakalionea wivu.

Mwaka 1980 Anthony DeCasper na William Fifer walichapisha jaribio walilolifanya Marekani kwa watoto ambao hawakuwa wametimiza hata siku tatu. Mtoto mchanga hunyonya kwa mafungu: ananyonya mara kadhaa, anapumzika, kisha anarudi. Watafiti hao waliwapa watoto chuchu ya mpira iliyounganishwa na mashine ya kanda, wakapanga kwamba urefu wa mapumziko ndio uamue ni sauti ipi isikike, ya mama mzazi au ya mwanamke mwingine. Watoto walirefusha au kufupisha mapumziko yao ili wampate mama. Miaka sita baadaye DeCasper na Melanie Spence waliwaomba wajawazito wasome hadithi moja kwa sauti kila siku katika wiki sita za mwisho, na watoto walipozaliwa waliichagua hadithi hiyo hata iliposomwa na mwanamke wasiyemjua. Nako Helsinki, mwaka 2013, Eino Partanen na wenzake walionyesha kwamba watoto waliosikizwa wimbo mmoja mara nyingi katika miezi ya mwisho ya ujauzito, ubongo wao uliuitikia kwa nguvu zaidi kuliko wa wenzao, walipozaliwa na hata walipofikisha miezi minne.

Mumeo naye tusimdharau. Mtoto wa siku kumi na mbili hana tabasamu la kumjibu mtu. Hilo huja karibu na wiki ya sita. Jibu alilo nalo ni dogo, na mtu aliyezoea watu wazima atalipita. Ndilo hilo ulilolieleza mwenyewe: mkono unaobaki hewani, macho yanayopanuka, pumzi inayobadilika. Akiwa titini utaona anaacha kunyonya kidogo, anasikiliza, kisha anaendelea. Ukitaka kulishika jibu hilo, usimjaribu akiwa amelala fofofo wala akiwa amepandwa na kilio. Mngoje apate ile nafasi fupi akiwa macho na ametulia, labda baada ya kunyonya na kubadilishwa nepi, kisha uweke uso wako umbali wa sentimita 20 hadi 30 kutoka wake, kwa sababu zaidi ya hapo haoni vizuri, uimbe polepole ubeti mmoja, unyamaze, umtazame.

Sasa kuhusu usiku ule wa wageni. Miayo ya asiyekuwa na usingizi, kwikwi, vidole vinavyotanuka kama feni, paji la uso linalokunjamana na uso unaogeuzwa ukutani: hayo yote ni maneno ya mtoto mchanga, na maana yake ni moja, kwamba yametosha. Hakuchoshwa na sauti yako, alichoshwa na redio, wageni, taa na wimbo kwa pamoja. Mtu mzima angeinuka na kupunguza sauti ya redio, lakini yeye alikuwa na shingo ya kugeuza tu. Ukiziona dalili hizo, nyamaza, mshikilie bila kumtikisa, na uzime kinachoweza kuzimwa.

Kwa sababu hiyo sikushauri uiweke simu kando ya kichwa chake. Simu haioni uso ukigeuka. Itaendelea kuimba. Pia ipo karibu mno na sikio. Madaktari wa watoto wa Marekani hupendekeza kelele za wodi ya wachanga zisizidi desibeli 45, ambayo ni chini ya mazungumzo ya kawaida, na simu iliyo kando ya mto huvuka kiwango hicho kwa urahisi.

Niruhusu nieleze tukio moja. Tulikuwa na mama mdogo sana wa umri, mtoto wake akiwa na gramu 1,400, naye amefungwa kifuani kwa leso kwa ile njia ya kangaruu iliyoanzia Bogotá mwaka 1978. Mashine ilionyesha mapigo 172 kwa dakika, na king'ora kilikuwa kinalia kila mara. Nilimwambia amwimbie. Akaona haya, kwa kuwa vitanda vilikuwa vimejaa na mama wa kitanda cha pili alikuwa anamtazama. Mwishowe alifumba mdomo na kuvumisha kitu cha Kidholuo, noti tatu tu, akizirudia. Hatukusikia kitu zaidi ya mvumo, lakini mtoto alikuwa ameegemea mfupa wa kifua unaovuma. Nambari zikashuka hadi 160, kisha 154, na kidole chake, chembamba kama kijiti cha kiberiti, kikaachia ukingo wa leso. Sisemi wimbo unatibu. Hata hivyo, mwaka 2013 Joanne Loewy na wenzake walichapisha utafiti wa watoto 272 waliozaliwa kabla ya wakati, katika hospitali kumi na moja, na bembelezi zilizochaguliwa na wazazi na kuimbwa mbele ya mtoto zilipunguza kasi ya moyo wake, na mzazi mwenyewe akapungukiwa na wasiwasi.

Jambo la mwisho, nisije nikalisahau. Kilio cha jioni huongezeka kuanzia wiki ya pili, hufika kilele karibu na wiki ya sita, kisha hupungua. Siku ikifika ambapo wimbo wako haufui dafu, usidhani ameusahau.

BabaPacha, Bungoma

Mimi nasimama na fundi wa umeme, ila kwa masikitiko. Tuna mapacha wa kike wenye miezi mitatu. Mke wangu akiimba, Mukhwana anatulia papo hapo. Mwenzake, Mulongo, hajali wimbo wa mtu yeyote, yeye anataka kubebwa na kutembezwa kutoka mlangoni hadi jikoni. Ni tumbo moja, mazoezi mamoja ya kusikia, na majibu mawili. Nami nikiimba, wote wawili hunitazama kama askari wa barabarani anayemtazama dereva asiye na leseni. Je, tatizo ni sauti yangu?

NyarSiaya

Baba Pacha, usikate tamaa, hata watoto wa tumbo moja hawafanani kwa chakula, sembuse kwa nyimbo.

Ningependa kuongeza jambo kuhusu maneno, kwa kuwa Sista amesema mtoto hujifunza mahadhi. Katika kijiji tulikokulia, mtoto hakubembelezwa na mama yake peke yake. Alikuwa na japidi, msichana wa miaka saba au minane aliyeachiwa mtoto mama anapokwenda shambani au sokoni, na nyimbo nyingi alizoziimba hazikuwa za upole hata kidogo. Zilimtaja fisi anayekula watoto wanaolia. Nyingine zilikuwa mashtaka matupu: mama amekawia, japidi ana njaa, uji umekwisha, na huyu aliye mgongoni hanyamazi. Mimi mwenyewe nilikuwa japidi wa mdogo wangu, na nakumbuka nilivyokuwa nikitunga malalamiko dhidi ya shangazi yetu na kuyaimba kwa sauti tamu kabisa, yeye akiwa ameketi pale pale akichambua mboga, huku mtoto akisinzia shingoni mwangu. Mtoto alipata utamu, shangazi alipata ujumbe.

Kwa hiyo usijisumbue kutafuta wimbo wenye maneno yanayofaa watoto. Tena ukimbeba mgongoni au kifuani, sauti humfikia kwa sikio na kwa ngozi pia; kule kupigwapigwa matakoni kwa kiganja, taratibu, kulikuwa nusu ya wimbo wenyewe.

MwalimuWaKwaya, Kakamega

Nimeusoma mjadala huu kwa furaha, nami nitatofautiana na Sista mahali pamoja, kwa heshima zote.

Nianze na Baba Pacha, ambaye swali lake lina jibu lisilompendeza. DeCasper huyohuyo, pamoja na Phyllis Prescott, alijaribu sauti za akina baba mwaka 1984. Watoto wachanga waliweza kuitofautisha sauti ya baba na ya mwanamume mwingine, lakini hawakuonyesha kuipendelea. Tatizo si sauti yako, ndugu yangu. Mama alikuwa na miezi mingi ya kuwazoeza, nawe unaanza sasa. Shuka chini kabisa kwenye besi, mweke Mulongo kifuani, uvumishe ukiwa unatembea huo mwendo wa mlangoni hadi jikoni, ili apate mwendo anaoutaka na sauti yako kwa wakati mmoja.

Kuhusu mapigo, mwaka 2009 István Winkler na wenzake waliwasikizisha watoto wa siku mbili au tatu, tena wakiwa usingizini, mdundo wa ngoma ambao mara mojamoja ulirukwa pigo lake kuu. Ubongo wao ulishtuka pale pigo lilipokosekana. Nina wanakwaya wa miaka arobaini wasioshtuka.

Lililonigusa zaidi ni la vilio. Mwaka huohuo wa 2009 Kathleen Wermke, pamoja na wenzake, alilinganisha watoto sitini wa siku tatu hadi tano, nusu Wafaransa na nusu Wajerumani, akakuta kwamba vilio vya Wafaransa hupanda kuelekea mwisho na vya Wajerumani hushuka, kama yanavyofanya mazungumzo ya mama zao. Baadaye kundi lake lilikwenda kwa Wanso wa Kameruni, ambao lugha yao ni ya toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti hubadilisha maana ya neno, kama zilivyo Kidholuo na nyingi za lugha zetu za magharibi mwa Kenya, na vilio vya watoto wao vilikuwa na mpando na mshuko mwingi zaidi kuliko vya Wajerumani. Kwa hiyo, MamaAlto, kabla ya kuuliza kama mwanao anakusikia unapoimba, msikilize anapolia. Yawezekana tayari anakurudishia kitu.

Sasa ninapotofautiana. Sista ameifunga simu kabisa, nami nadhani ina nafasi ndogo. Watafiti wa Montreal, akiwemo Isabelle Peretz, waliwasikizisha watoto wa miezi sita hadi tisa sauti zilizorekodiwa za Kituruki, lugha ambayo hawakuijua. Wimbo uliwashikilia kwa takriban dakika tisa kabla hawajaanza kulalamika, na maneno matupu kwa takriban dakika nne. Ni rekodi hiyo, na ilifanya kazi. Nakubali kwamba hao ni watoto wakubwa, wenye shingo ngumu na macho yanayoona mbali, na huenda kwa mchanga wa siku kumi na mbili Sista ndiye aliye sahihi. Lakini mama aliyekesha usiku wa tatu mfululizo akiiweka simu upande wa pili wa chumba, sauti ikiwa chini, kwa dakika tano akaoge, mimi simhukumu.

Kwa uimbaji wenyewe: usimwimbie kama jukwaani. Shusha ufunguo, punguza mwendo mpaka wanakwaya wenzako wangekasirika, chagua kipande cha noti nne au tano, ukirudie. Ule wimbo wa mashindano una mruko mkubwa wa sauti mahali fulani, sivyo? Ukifika hapo, upitie chini.

MamaAlto, Nakuru

Nawashukuru nyote. Zimepita siku sita tangu niulize, nasi tumefanya majaribio yetu, mume wangu akiandika kwenye daftari lake la kazi, kati ya bei za nyaya na swichi.

Tuliizima redio. Jioni tatu nilianza na wimbo wa kwaya, jioni tatu nikaanza na wimbo ambao sikuwahi kuuimba nikiwa mjamzito. Kwa wa kwaya alinyamaza mara tatu zote kabla ya mwisho wa mstari wa pili; kwa ule mwingine alinyamaza mara moja, baada ya muda. Mama mkwe alipouimba wa kwaya alitulia, ila kwa kuchelewa kidogo, na mama mkwe amekasirika kwa sababu ya huko kuchelewa. Mwalimu, mruko upo, nami naupitia chini sasa. Mume wangu anasema mara sita si hesabu ya kutosha, lakini jana saa nane usiku nilimkuta sebuleni gizani, mtoto kifuani, akivumisha sehemu ya alto. Anaikosea yote.

Nina swali moja kwa Sista. Mtoto alipata umanjano wa macho na ngozi siku ya tatu, akawekwa chini ya taa kwa siku mbili, ndipo tukaruhusiwa kurudi nyumbani. Shangazi mmoja ameniambia kwamba umanjano huharibu masikio. Lakini si anasikia, maadamu ananyamaza nikiimba, na mlango ukibamizwa anashtuka?

SistaWaNasari, Kisumu

Mama, umanjano wa kawaida uliotibiwa kwa taa mapema hauna madhara kwa masikio. Ule uliopanda sana ndio unaoweza kuyadhuru, pamoja na homa ya uti wa mgongo na baadhi ya dawa kali za sindano. Kunyamaza kwake na kushtuka kwake ni dalili njema, ila si kipimo. Mtoto anaweza kusikia sauti nzito na mlango unaobamizwa, huku sauti nyembamba za maneno zikimpita, na hilo lisigundulike mpaka afikie umri wa kuzungumza.

Utakapompeleka kliniki kwa chanjo za wiki ya sita, fungua kitabu cha mama na mtoto, uonyeshe kiwango cha umanjano kilichoandikwa ulipotoka hospitalini, na uombe apimwe masikio kwa mashine. Ni kifaa kidogo kinachoingizwa kwenye tundu la sikio, hakiumi, na hufanya kazi vizuri zaidi mtoto akiwa amelala. Kwa hiyo mnyonyeshe kabla ya kuingia, umwimbie mkiwa kwenye foleni. Kama kabla ya siku hiyo atakataa kunyonya, atakuwa mlegevu asiyeamka, atapata homa, au manjano yatarudi machoni, usingoje wiki ya sita, mpeleke siku hiyohiyo.

Na Mwalimu, dakika tano za kuoga nakubali. Simu iwe upande wa pili wa chumba.